Hawakunipa Pole

Jamani, nimekosa, na ubaya wenyewe niliufurahia! Jina langu liacheni tu.

Nina duka la vyakula hapa South End, Louisville, Marekani. Ndugu wawili wazee, Wayahudi, Mzee Leo na dada yake Bi Ruthi, walikuwa marafiki zetu. Walikimbia vita Ulaya wakiwa watoto wadogo. Kila asubuhi Mzee Leo alikaa karibu na kaunta, anakunywa chai ya tangawizi na kumtania mume wangu.

Mume wangu akafariki. Watu walikuja msibani hadi kutoka Columbus na Buffalo, kila mmoja "pole, pole sana." Wale wawili wakaingia, wakaketi mbele yangu, kimya. Muda wote ule! Wakaondoka bila hata pole moja.

Iliniuma, nyie! Nikaapa watanitambua.

Nilipofungua tena duka, kiti cha Mzee Leo nikakitupa stoo. Mzee akija, namwambia maandazi yameisha, na yanafuka moshi mbele ya macho yake! Akaniuliza, "Binti yangu, nimekukosea?" Nikajifanya napanga mchele.

Mteja mmoja, mama Mkongo, akashindwa kuvumilia. "Bon, mama, huyu muzee alikufanya nini?" Nikamwambia anunue unga wake aende.

Mzee hakuacha kuja, mpaka baridi ikamlaza kitandani. Nikasikia ni mgonjwa, nikasema moyoni, bado!

Akafa. Nikavaa nikapendeza, nikaenda kwao. Nikaketi mbele ya Bi Ruthi, nikafunga mdomo makusudi, namtazama anavyolia. Nilisikia utamu, Mungu anisamehe!

Bi Ruthi akanishika mkono. "Asante," akasema. "Wote wameingia wakiongea. Kwetu mgeni hasemi mpaka mfiwa aanze. Kwako tulingoja useme, ukashindwa. Hata ulipomnunia dukani, kaka yangu akaniambia, mwache, ni uchungu wa mumewe, utapita."

Nilitaka ardhi inimeze! Na bado sikumwambia ukweli. Mpaka leo ananipikia supu, ananisifu kwa majirani, nami chakula chake hakinishuki.

Wenzangu wenye visasi, mtu akikuudhi muulize, tena muulize akiwa hai! Mimi nilikwenda kumuumiza mfiwa, akanishukuru. Heri angenitemea mate.