Chakula cha Awamu Nne

Nianze na hofu, maana ndiyo iliyobaki. Nikimwekea mtu mzima sahani mezani, huwa natazama mikono yake kwanza nione kama inatetemeka. Wageni wangu hudhani nakagua kama wamenawa.

Ufaransa sijafika. Mbali kabisa nilikowahi kwenda ni Mwanza, tena kwa ajili ya jino. Lakini tulipomaliza nyumba yetu hapa Omurushaka, nikaanza kutazama kwenye simu video za mwanamke mmoja aliyefundisha namna ya kuishi Kifaransa bila kutoka nyumbani kwako. Alikuwa na sauti ya upole mno, na sebule yake haikuwa na makochi makubwa wala vitambaa vya kufuma kama zetu. Nikamwamini. Nilinunua shuka jeupe la mtumba gulioni nikalikata kitambaa cha meza. Meza yenyewe nikaipaka rangi nyeupe. Maua ya zambarau aliyoyasifu sikuyapata, nikachuma yale yanayoota kando ya barabara, nikayatia kwenye jagi la bati. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho kila nyumba ya huku humpelekea mgeni kabla ya mazungumzo yoyote, nilikiona cha kishamba, nikakificha kabatini. Mume wangu alitazama mabadiliko yote hayo akasema tu, "Ukimuiga tembo utapasuka msamba." Nikanuna siku mbili. Mimi sipendi kuambiwa.

Nilichokipenda zaidi ni ulaji wao. Chakula hakiji chote kwa pamoja. Kwanza kinakuja kitu kidogo cha kufungua tumbo, mnazungumza. Halafu supu, mnazungumza tena. Ndipo kinakuja chakula chenyewe, na mwisho kabisa kitu kitamu. Kuharakisha, yule mwanamke alisema, ni kukosa adabu. Nilifanya mazoezi kwa mume wangu, ambaye kila mara alinifuata jikoni na sahani yake mkononi.

Kisha mama mkwe akatuma salamu kwamba anakuja kuiona nyumba. Ni mjane, anaishi Kaisho kwenye migomba na kahawa zake. Ana kisukari, na hujichoma mwenyewe sindano ya kushusha sukari muda mfupi kabla ya kula. Hayo niliyajua. Nilijua pia kwamba sukari kwake ni sumu, ndivyo tulivyokuwa tukiambiana katika ukoo mzima. Kwa hiyo siku moja kabla hajafika nilikusanya sukari, soda na asali, nikampelekea jirani yangu mwenye duka la dawa anitunzie. Nilijiona mkwe makini kweli.

Alifika saa sita mchana. Mume wangu alikuwa amekwenda mazikoni Kimuli, tukabaki sisi wawili. Nilipiga magoti nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba nzuri."

Akakaa. Macho yake yakaenda kwenye meza, yakaenda kwenye mlango wa jikoni, yakarudi. Nilijua anatafuta kikapu cha kahawa. Nikasema haraka, ili nimtoe huko, "Mama, chakula kiko tayari."

Huku kwetu maneno hayo yana maana moja. Ndizi zimeshaiva chini ya majani ya mgomba, zinafuka mvuke, ukinawa unakula. Mama mkwe akaomba chumba, akajichoma sindano yake, akarudi akanawa.

Nikamletea vipande sita vya tango na nyanya, vimepangwa duara.

Alikula viwili. Nikakaa mbele yake nikaanza mazungumzo kama nilivyofundishwa: habari za mvua, za bei ya kahawa, za ng'ombe wake aliyezaa. Alijibu kwa utaratibu. Harufu ya ndizi na nyama ilikuwa ikitufikia kutoka jikoni, na mimi nilifurahia kwamba anaisikia. Nusu saa ikapita hivyo. Nikaleta supu ya mboga, nyepesi kama maji ya kunawia. Akanywa vijiko vitatu, akaweka kijiko chini.

"Nashukuru, mwanangu. Nimeshiba."

Nikadhani anatania. Nikaendelea kuzungumza.

Mama mkwe wa kwetu haombi chakula kwa mke wa mwanawe. Akiuliza kama kuna kingine, amemwita mwenye nyumba mchoyo mbele ya uso wake. Nililelewa na desturi hiyo, naijua kama ninavyojua jina langu, lakini siku ile niliiweka kabatini pamoja na kile kikapu.

Kwanza aliacha kujibu. Kisha nikaona jasho kwenye paji la uso wake, na chumba kilikuwa na baridi. Mkono wake ulitetemeka juu ya kitambaa cheupe hadi uma ukawa unagonga sahani. Nikamwita. Akanitazama, akatabasamu, akaniita kwa jina la binti yake aliyekwishafariki.

Niliogopa kiasi ambacho sikujua mtu anaweza kuogopa akabaki amesimama. Nilimwacha peke yake, jambo linaloniamsha hadi leo, nikakimbia bila viatu kwa jirani.

"Sukari imeshuka," jirani alisema hata kabla sijamaliza. Akachukua pakiti ile ile niliyompelekea mimi, tukakimbia wote. "Anameza? Kama anameza, mnyweshe."

Alikoroga kwenye kikombe akanipa. Nikakishika nikashindwa kukisogeza. Kwa miaka yote tuliambiwa sukari itamuua, na sasa mimi ndiye nimeishika. Nikimpa nikakosea, nimemuua. Nisipompa, ameshaanza kuondoka. Jirani akanipiga begani kwa nguvu. Nikamnywesha, kijiko kimoja, kingine, nyingi ikimwagika kifuani kwake.

Mama mkwe alirudi polepole. Alifuta kidevu, akaniita kwa jina langu, nikalia. Jirani akaenda jikoni bila kuniuliza, akaleta ndizi na nyama kwenye sinia, na mama mkwe akala kwa mkono, haraka, bila neno.

Jirani alipoondoka nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje?" Alikuwa akitazama sinia. "Kahawa hukunipa. Ukaniletea tango. Nikasema moyoni, ndicho alichonipimia. Nile hiki kidogo, nipumzike, niondoke."

Ningemwelezaje habari za Ufaransa?

Mume wangu aliporudi jioni, mama yake alimwambia amekula vizuri sana. Hajamwambia lingine hadi leo, wala mimi.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Kitambaa cheupe bado ninacho. Kikapu cha kahawa kimerudi mahali pake, na mama mkwe akija, chakula kinafika mezani chote kabla hajagusa sindano. Hunishukuru kila mara, na najua anashukuru kwa moyo. Lakini kabla hajakaa hufungua mkoba wake, hutoa ndizi mbivu mbili zilizofungwa kwenye leso, huziweka kando ya sahani niliyomwekea, mahali ambapo mkono wake hautazikosa. Sijawahi kumwambia aziondoe.