Msamaha Ambao Tantine Hakuulizwa

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa maji kupungua, mwanangu, ambayo kwa miaka mingi sikuweza kuisimulia, na leo naisimulia nimeketi vizuri, chai yangu mkononi. Jumapili uliniuliza kwa nini pasta anapoita watu waende mbele kuoshwa dhambi mimi hubaki kwenye benchi, na kama siogopi moto. Sikukujibu pale pale. Swali lako lilistahili jibu lenye mpangilio. Mashine za kusaga mihogo ninazotengeneza pale Mangobo nilijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu, na vitabu vilinizoeza kufungua skrubu moja baada ya nyingine. Hili nalo tulifungue hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na aliyenilea ni mdogo wake, Tonton Lifoko, mvuvi wa maporomoko. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Nguzo ndefu za miti husimikwa katika matundu ya mwamba, katikati ya maji yanayonguruma. Miti mingine hulazwa juu yake na kufungwa, na hapo hutundikwa migono, mitego mikubwa ya samaki iliyosukwa, yenye mdomo ambao mtu mzima anaweza kuingia akiwa amesimama. Hakuna msumari hata mmoja. Kinachoshikilia kila kitu ni kekele, ile kamba ya msituni, na kekele hubadilishwa kila mwaka, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Na ipo sheria: aliyefunga kiungo, pale miti inapokutana, ndiye anayepanda wa kwanza, mbele ya wenzake wote. Si adhabu. Ni njia ya kumkumbusha mfungaji, wakati anakaza fundo, kwamba mwili utakaoning'inia pale ni wake.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa mkutano mkubwa wa injili, na mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Shati jeupe la kwaya lilinipendeza kuliko ilivyofaa. Nilipewa kazi ya kufunga kiungo kimoja. Kukata kekele mpya kulinitaka nivuke mto, niingie msituni, nipoteze siku nzima ya mazoezi. Chini ya paa la nyumba yetu kulikuwa na mzingo wa kekele ya mwaka uliopita. Niliiloweka kwenye maji mpaka ikafanana na mpya, nikafunga nayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini nani husikia methali akiwa na miaka ishirini na shati jeupe?

Asubuhi ile Tonton alisimama juu ya mwamba, akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, tonton."

"Bon, panda basi."

"Tonton, mazoezi yameshaanza. Bananingojea."

"Eh! Malaika banamungojea huyu!" akawaambia wenzake, nao wakacheka. "Nenda uimbe. Leo mimi nitapanda pa nafasi yako."

Nilikwenda mbio. Hatukufika mwisho wa wimbo wa pili. Mtu aliingia kanisani bila viatu, akalitaja jina langu, na kabla hajasema neno la pili nilijua. Kiungo changu kilikuwa kimekatika, maji yamemchukua Tonton. Siku ya nne wavuvi wa upande wa Yanonge walimpata, wakamrudisha kwa mtumbwi, tukamzika.

Tonton hakuwa amebatizwa. Alikuwa na utani wake, kwamba maji yaliyomlowesha tangu utotoni yangetosha kubatiza parokia nzima na mbuzi wake. Lakini kaburini hakukuwa na utani. Pasta alisema, tena kwa sauti ya huruma, kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila wema hauokoi, na kwamba sasa yuko mahali ambapo hakuna anayeweza kumpelekea hata tone la maji. Tujifunze kwake sisi tulio hai.

Jioni yake nilimfuata pasta nikamweleza yote: kamba, shati, uongo. Aliniwekea mikono kichwani. "Kijana," akasema, "Yesu alichukua nafasi yako. Adhabu yako aliibeba yeye, asiye na kosa. Imekwisha. Usirudi kuichimba, maana kuichimba ni kuidharau damu yake." Nililia sana. Nitakuwa mkweli kwako, mwanangu, kwa sababu shauri lisilo na ukweli ni kelele tu: nilitoka pale na furaha. Wepesi ule haukuwa wa kujifanya. Ulikuwa wepesi wa mtu aliyetua mzigo barabarani. Sikugeuka kutazama mzigo umetua juu ya kichwa cha nani.

Ulitua juu ya kichwa cha mke wake, Tantine Elonga. Ndugu za marehemu walisema maji hayamchukui hivi hivi mvuvi aliyeyazoea miaka thelathini. Lazima kuna mtu aliyemtoa kwa uchawi. Na mtu huyo atakuwa nani kama si mke, mgeni aliyetoka mbali, upande wa Isangi? Papa Bosenga, kaka mkubwa wa Tonton na mkubwa wa ukoo, alikata shauri: Jumamosi Elonga afungashe aende kwao, na watoto wanne wabaki. Alikuwa ndoki, mchawi, basi. Ukishaitwa jina hilo hapa kwetu, huna mahali pa kulivulia.

Nilikwenda kumtuliza. Hebu fikiria, nilikwenda na Biblia mkononi. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakata sombe, majani ya mihogo. Nikamwambia, "Tantine, usilie. Mimi najua si wewe. Ni mimi. Kekele ilikuwa ya mwaka jana. Lakini nilitubu, Yesu amekwisha kunisamehe."

Hakuwa analia. Aliendelea kukata majani kwa muda, kisha kisu kikasimama.

"Alikusamehe?"

"Ndiyo, tantine."

"Ile mambo ulinifanya mimi? Na bana yangu?"

"Ndiyo."

"Na hakuniuliza?"

Akaendelea, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

"Bon. Na hawa batu banasema mimi iko ndoki, amewaambia kama ni kamba?"

"Bado... hapana."

"Lifoko iko wapi sasa?"

Nilijua pasta alichosema, naye alijua.

"Iko ndani ya moto," akasema. "Na wewe, siku ukikufa?"

Nikasema, kwa sauti ndogo sana, "Mbinguni."

"Donc yeye alipanda pa nafasi yako, akaanguka, anaungua. Wewe ulifunga kamba, utakaa kule juu na shati yako, unamuangalia." Akachukua kisu chake. "Haya, mutoto wa kwaya. Toka hapa. Mambo yako haiko kwangu, iko kwa batu."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Nilirudi kwa pasta nikamwambia nataka kusema mbele ya ukoo. Akanionya kwamba nitaupa ukoo nafasi ya kunilaani kwa jambo ambalo Mungu amekwisha kulifuta. Nilimtazama nikaona kwamba anaamini anachosema, na kwamba hata mara moja, katika mazungumzo yetu yote mawili, hajataja jina la Elonga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ijumaa nilikwenda peke yangu kwenye maporomoko. Kipande cha kiungo changu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye nguzo. Nikakikata, nikakifunga kwenye kitambaa.

Jumamosi asubuhi ukoo ulikuwa umekaa uani kwenye viti vya plastiki. Furushi la Tantine lilikuwa mlangoni, na mtoto wake wa mwisho alikuwa amelikalia ili lisiondoke. Nilivuka ua, nikampa Papa Bosenga kile kipande. Sikutoa hotuba, nilijua mikono yake ingesoma vizuri kuliko masikio yake. Alikishika, akakipinda. Kekele ya mwaka mpya hujipinda na kulia kabla haijakatika. Ile ilivunjika mara moja, kwa mlio mkavu, kama kijiti cha kuwashia moto.

"Hii ni ya mwaka jana," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Nani alifunga?"

"Mimi."

"Na nani alipanda?"

Papa Bosenga alisimama. Alikuwa mzee, lakini mkono wake ulikuwa wa mtu aliyevuta migono maisha yake yote, na kofi alilonipiga lilinilaza chini. Kisha akageuka upande wa mlango. "Elonga, rudisha vitu ndani."

Mwanamke mmoja wa jirani akasema kwa sauti, "Ndoki gani anafunga kamba!" na watu, sijui kwa nini, wakaanza kucheka, wengine huku wanalia. Mtoto aliteremka kwenye furushi. Nami nikiwa bado chini, shavu linawaka, nilipumua mpaka tumboni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi aliniumbua mzee kwa kofi, nami namshukuru mpaka leo.

Ukoo uliamua kwamba nitavua kwa ajili ya nyumba ya Tantine mpaka mwanawe mkubwa aweze kusimama mwenyewe juu ya mwamba. Ilichukua miaka tisa. Kwaya niliiacha, si kwa hasira, ila kwa kukosa muda. Katika mwaka wote wa kwanza Tantine alipokea samaki bila kunitazama. Mwaka wa pili, mchana mmoja nilipokuwa nageuka kwenda zangu, akaniita. "Keti. Kula." Alinipakulia kichwa cha samaki, sehemu ambayo alikuwa akimpa Tonton. Nilipokuwa nakula akasema, akitazama sufuria, "Mimi nimekusamehe. Yesu, yeye afanye yake."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha, mwanangu. Hakuna lililonifikia kama chakula kile.

Baadaye nilifanya kazi yangu kwa utaratibu. Niliisoma Biblia yote, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili na kisha kwa Kifaransa, na daftari pembeni. Swali la kwanza niliandika la Tantine: mtu wa tatu anawezaje kusamehe kosa nililomtendea mtu wa pili, bila huyo wa pili kuulizwa? La pili lilikuwa langu. Nilikuwa nimeona kwa macho asiye na kosa akichukua nafasi ya mwenye kosa. Nilimwona Tonton, kisha nikamwona Elonga. Hakuna aliyepata usafi kwa hilo, si mimi wala wao. Nilichopata mimi ni nafasi ya kunyamaza tu. Je, jambo ambalo uani kwetu lilikuwa dhuluma linageuka vipi kuwa haki likipelekwa mbinguni? Nilipeleka maswali haya kwa watu waliosoma kunizidi. Baadhi walikasirika kabla hawajamaliza kujibu. Mmoja, padri mzee, aliniambia kwamba msamaha wa Mungu haumwondolei mtu wajibu wa kwenda kwa aliyemkosea. Huyo sikugombana naye. Nilimwambia kwamba kama ni hivyo, basi tuanze na kwenda, na hilo lingine litatungoja.

Kuhusu moto na mbingu, jibu langu ni fupi: sijui, na sijakutana na anayejua. Lakini Mungu ambaye angemchoma Lifoko kwa kukosa ubatizo na kuniketisha mimi mezani pake kwa sala ya dakika tano, huyo simwogopi tena, kwa sababu siamini kwamba yuko. Siku nilipoandika sentensi hiyo kwenye daftari nilitegemea radi. Nje watu waliendelea kuuza mihogo. Nikafunga daftari, nikalala adhuhuri yote kama mtoto mchanga, na Tonton, ambaye kwa miaka nilimwota akiungua, sikumwota hivyo tena kamwe. Alikufa, mwanangu. Alipumzika. Hilo limenitosha.

Basi shauri langu ni hili. Sikukatazi kwenda kanisani. Imba, omba, mama yako anapenda kukuona pale. Ila usikubali mtu yeyote, awe wa duniani au wa mbinguni, atumiwe kukuepusha na uso wa yule uliyemkosea. Ukimkosea mtu, nenda kwake mikono mitupu, bila kitabu, useme ulichofanya kwa jina lake halisi, usiseme "nimeshasamehewa," kisha ungoje. Inaweza kuchukua mwaka. Anaweza asikusamehe kabisa, na hiyo ni haki yake. Wewe tengeneza kinachotengenezeka. Ukisikia mtu anatishiwa moto ili aogope, au anaahidiwa mbingu ili anyamaze, uliza kwa upole ni nani anayeumia kwa kunyamaza kwake. Na wanaokuuliza utaishia wapi ukifa, waambie unashughulika na unapoishi.

Nakubariki kwa mdomo wangu huu, uliowahi kusema uongo na ukapona. Uishi mpaka wajukuu wako wachoke kukusalimia. Mikono yako isikose kazi, usingizi wako uwe mzito. Na siku utakapokosa, maana utakosa, miguu yako ikupeleke moja kwa moja mlangoni kwake, na yeye akuambie, "Keti. Kula."