Mjane Muuza Mbegu Afika Msambweni

Husna binti Alfani alikuwa na ila moja, na mamake hakuchoka kuitaja: mdomo wa kuuliza. Angekuuliza ulikotoka, ulichokula, na kwa nini kuku wako anachechemea, na yote hayo hujaketi bado. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na wageni wa hoteli, Mungu awape heri, ni watu wa kusahau. Husahau viatu, husahau miwani, na zaidi husahau vitabu. Msimamizi alimwambia avichukue tu, lakini vingi Husna aliviacha palepale, maana ukurasa wa kwanza mtu kashalala kifudifudi, damu inamtoka. Mwaka wa tisini na tisa akapata kimoja kisicho na maiti, akaja nacho kwao Msambweni.

Kilikuwa kitabu cha upelelezi, ila upelelezi wa kistaarabu. Mpelelezi mwenyewe mjane, muuza mbegu katika mji mdogo huko kusini kabisa mwa Afrika, nchi kavu yenye ng'ombe wengi kuliko miti. Watu humletea mambo yao: ndama aliyepotea, mume anayechelewa kurudi, sufuria ya kanisa isiyojulikana iliko. Naye hakimbizi mtu, habebi bastola. Huamkia kwanza. Huuliza hali ya wazee, hali ya mvua, hali ya mifugo, mpaka mwizi anachoka kuulizwa hali, anasema mwenyewe.

"Huyo Mdigo mwenzetu huyo! Wamembadilisha jina tu!" walicheka wanawake wa mtaani, wakisuka ukili barazani huku Husna akiwasimulia kwa Kiswahili.

Aliyeipenda hadithi kuliko wote ni Syovata, fundi cherehani, Mkamba aliyepanga chumba cha uani kwa kina Husna. Mwaka wa fujo, watu wa bara walipofukuzwa pwani, Syovata alikimbia na kichwa cha cherehani kichwani kwake. Kulipotulia akarudi, maana wateja wake walikuwa huku. Siku za hadithi angeacha kukanyaga cherehani, asikize mdomo wazi.

"Hii haina panga," alimwambia Husna. "Kitu kinapotea, kinatafutwa, kinapatikana, kesho yake watu wanasalimiana. Niongezee."

Basi mwaka huohuo jirani yao, Mzee Kibwana, akamwoza bintiye, na arusi ikafana. Bi harusi akapelekwa kwa mumewe ng'ambo ya pili ya mtaa. Kulipokucha, mamake akawa anatafuta vipuli vya dhahabu, vipuli vya urithi vilivyotoka kwa bibi mzaa bibi. Havipo. Wakapindua magodoro, wakafagia chini ya vitanda. Wapi!

Nani aliingia chumba cha bi harusi siku ya kuogeshwa, vilipoonekana mara ya mwisho? Somo yake, Bi Mwanapili, mtu mzima aliyewafunda nusu ya wake wa Msambweni. Mama mzazi. Na Syovata, aliyeitwa kukaza kiuno cha gauni. Hapo watu wakaacha kuhesabu, maana jina la mwisho lilikuwa la Mkamba, mtu wa kuja. Bi Mwanapili ndiye aliyekata shauri.

"Isomwe Halbadiri," akasema. "Ijumaa, baada ya swala. Aliyechukua atajijua."

Halbadiri si mchezo. Ni kisomo cha kumshitaki mwizi kwa Mungu, na watu huwa na visa vyao: fulani alivimba tumbo, fulani aliokota makopo. Syovata aliposikia akaanza kufunga nguo zake ndani ya shuka.

"Kama hukuchukua, unaogopa nini?" Husna alimuuliza.

"Siogopi kisomo," alisema Syovata, akizivuta ncha za shuka. "Naogopa malaria. Nikishikwa na homa mwezi ujao watasema imenipata. Mtoto wangu akianguka kwenye baiskeli kule Ukambani, watasema imenipata. Mimi nitakuwa mwizi mpaka nife, Husna."

"Na ukikimbia?"

"Nitakuwa mwizi leo."

 Hasira ilimpanda Husna kwa sababu hakujua amkasirikie nani. Alijilaza na kitabu chake, akasoma asisome. Mle ndani mjane alikuwa na tabia moja: watu wote wakishaulizwa, yeye humtafuta yule ambaye wamemhurumia wasimuulize. Husna akaketi wima. Ebo! Bi harusi!

Hakuna aliyemuuliza bi harusi. Angeulizwaje? Alikuwa ndani ya fungate, siku saba za maharusi, na mwiko wa fungate unajulikana: bi harusi hapelekewi huzuni, asije akaanza ndoa kwa machozi. Bi Mwanapili mwenyewe alikuwa amewaapisha wote. Dhahabu imepotea, mtaa unachemka, na mwenye masikio yaliyovaa hiyo dhahabu hana habari!

Ijumaa asubuhi Husna alibeba sahani ya mahamri, akaenda kwa bi harusi. Mama mkwe akamzuia mlangoni. Husna akamwamkia, akamuuliza miguu yake, kisima chake, mnazi wake uliopigwa na radi. Alikuwa anatokwa na jasho la uongo wa adabu.

"Haya, msalimie," mkwe akasema mwishowe. "Nyuma ya pazia. Na usimtie jambo."

"Simtii jambo, mama."

Nyuma ya pazia bi harusi alikuwa anacheka kwa kuona mtu. Husna akauliza habari za arusi, nani alicheza vizuri, nani alikula akazidisha, na maji ya kuogeshwa, yalikuwa ya baridi?

"Baridi, mwenzangu! Nami na vipuli masikioni, Somo akaanza kunimwagia. Nikavivua mbio mbio, nikavifunga kwenye pindo la leso niliyojitanda. Mama alivifungua, sivyo?"

Husna akaiweka sahani chini. Leso ya kuogea haiendi kwa mama. Ni haki ya somo. Ikishatoka mwilini mwa bi harusi, somo huikunja na kwenda nayo kwake, wala hakuna mwenye ruhusa ya kuishika.

"Sivyo?" bi harusi aliuliza tena.

"Kula mahamri yako," Husna akasema. "Yatapoa."

Kwa Bi Mwanapili alibisha hodi adhana ya Ijumaa ikilia.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Naomba tuitazame leso ya kuogea."

Bi Mwanapili alimtazama kwa jicho la kumkata kichwa. Hata hivyo akafungua sanduku, akaitoa leso, na vidole vyake vikakutana na fundo. Hakulifungua. Aliketi kitandani kwa kishindo.

"Subhanallahi. Mimi ndiye niliyeomba isomwe."

"Hukujua, Somo."

"Nani ataamini sikujua?" Akamshika Husna mkono, akambana. "Vichukue wewe, mwanangu. Vidondoshe uani kwa Kibwana, mtu aviokote. Hata yule mjane wako wa kitabuni hamwaibishi mtu. Si ndivyo unavyosimulia?"

Ndivyo. Na Husna, Mungu amsamehe, alitamani. Ingekuwa tamu. Vipuli vimepatikana, kisomo kimevunjwa, mama wa watu amestiriwa. Kisha akaiona sura ya Syovata.

"Vikiokotwa uani, watasema Syovata ameogopa kisomo akavitupa," akasema. "Mnyonge mnyongeni, Somo, haki yake mpeni. Mimi sivigusi, wala sitakutaja. Ni juu yako."

Akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Uani kwa Mzee Kibwana watu walijaa. Mwalimu wa kisomo alikuwa ameketi mkekani, udi unafuka, juzuu zimegawiwa. Syovata alisimama karibu na lango, furushi mkononi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asikose. Hakuna aliyesimama jirani naye. Husna akaenda akasimama hapo.  Mwalimu akasafisha koo.

"Hodi," ilisikika sauti langoni.

Bi Mwanapili aliingia na leso mikononi, fundo halijafunguliwa. Alipita katikati ya watu mpaka mkekani, akalifungua hapo, vipuli vikaanguka kwenye kiganja chake.

"Vilikuwa kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye leso ya kuogea. Sikujua. Syovata hana hatia."

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akacheka, wa pili akadakia, mama wa bi harusi akapiga kigelegele, na baada ya kitambo kidogo uani kulikuwa na vicheko na alhamdulillahi, kila mtu akimwambia mwenzake kwamba yeye tangu mwanzo alishuku leso. Hapa ndipo kitabu kingefungwa.

Syovata hakucheka. Aliposogea mbele, vicheko vilikatika kimoja kimoja.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu."

"Sema tena, mama. Wale wa nyuma hawakusikia jina langu."

Bi Mwanapili akajikaza, akageukia lango, akasema tena kwa sauti ya juu, jina kwanza. Ndipo Syovata alipoliweka furushi chini.