Mzee Asiye na wa Kumuulizia

Fatu wa Kimbo, ambaye wengi walimwita Mama Salim kwa jina la mwanawe, alikuwa fundi wa mapazia, na kitambaa cha mteja hakukipokea kwa macho tu. Alikikunja kwenye kona, akakivuta, akakiinua kwenye mwanga na kukinusa, ndipo akasema kama kitafaa. Basi siku alipomhamishia mama yake mzazi, Bi Hayat, katika nyumba ya wazee, wahudumu wa nyumba hiyo walijua mapema kwamba wamepata mtu wa kuwasumbua.

Bi Hayat alikuwa ameishi Thika karibu maisha yake yote, akiuza viungo sokoni, hodari wa maneno na wa hesabu. Uzee ulipomwingia kichwani, Fatu alimchukua akae naye kwake Kimbo, Ruiru. Mwanzo alisahau majina tu, baadaye akaanza kusahau njia. Fatu akawa anafunga geti akiwa kwenye cherehani, huku mama amekaa chumbani akiuliza mara kwa mara ni nani aliyemfungia. Siku moja mpangaji mmoja aliliacha geti wazi. Bi Hayat alipatikana kando ya barabara kuu, viatu mkononi, malori yakimpita, akimwambia kila mtu kwamba anamngojea mumewe. Mumewe alikuwa amekufa kabla Fatu hajaolewa.

Mahir, kaka yake Fatu, aliyekuwa kinyozi Thika, hakutaka hata kusikia habari ya nyumba ya wazee.

"Watu wa msikitini watasema nini?" aliuliza. "Mama ana watoto wazima, halafu anaenda kulelewa na watu hawamjui?"

"Basi mchukue wewe."

Mahir aliangalia chini. Yeye na mkewe na watoto waliishi katika chumba kimoja, naye alitoka asubuhi akarudi watoto wamelala.

"Sijakataa," alisema mwishowe. "Nasema tu inauma."

"Hata mimi inaniuma, Mahir. Lakini sitaki siku moja niitwe barabarani kumtambua."

Nyumba yenyewe ilikuwa mbele kidogo ya stendi ya Kimbo, ndani ya ploti yenye miparachichi. Mwenyewe aliitwa Bedan. Aliirithi kwa wazazi wake, akabomoa kuta mbili na kutia vitanda, na watu wakazoea kusema "kwa Bedan" bila kuongeza neno. Bedan aliwaambia jamaa za wazee kwamba wageni hukaribishwa Jumapili alasiri. Fatu alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, na hakuwahi kufika Jumapili alasiri. Alikuja asubuhi chai ikigawiwa. Alikuja mvua ikinyesha, wakati hakuna anayengoja mgeni. Akifika alimsalimu mama, kisha akamtazama visigino, kucha na nyuma ya masikio, akapitisha kiganja chini ya shuka kuona kama kuna unyevu.

Siku za kwanza alipata ya kulalamikia. Wahudumu waliwaita vikongwe wote "shosho", yaani nyanya, na Bi Hayat aliwaka kila alipolisikia.

"Shosho ni mamako!" alimwambia mhudumu mmoja, Nekesa. "Mimi naitwa Hayat."

Fatu alidhani Nekesa atanuna. Wiki iliyofuata alimkuta ameshika birika la maji vuguvugu na beseni, amepiga magoti mbele ya mama. "Bi Hayat, wakati wa kuswali umefika. Leta mkono wa kulia kwanza." Nekesa alikuwa mtu wa kanisa, mtoto wa Bungoma, wala hakuna aliyemfundisha mambo ya udhu. Alikuwa amemuuliza mzee mwenyewe, siku ambazo kichwa kilikuwa kimetulia, akayashika.

Miezi ikapita, na Bi Hayat akanenepa mashavu. Alipewa taulo azikunje, akawa anazikunja na kuzikunjua huku akimsimulia Nekesa habari za wateja wa zamani waliojaribu kumpunja iliki. Alicheka. Nyumbani kwa Fatu hakuwa akicheka. Fatu aliporudi kwenye cherehani yake siku hizo, alishukuru Mungu, na papo hapo alisikia kitu kikimchoma, kwamba mgeni ameweza alichoshindwa mtoto wa kumzaa. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba kwa Bedan ni pazuri, hata ukija ghafla utakuta pazuri.

Hivyo ndivyo alivyosema, na aliamini, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa kiangazi.

Alifika akamkuta mama amelala usingizi mzito. Hakutaka kumwamsha. Akakaa kwenye kiti akiangalia huku na huku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana siku zote macho yake yalikuwa kwa mamake. Mlango wa chumba cha wanaume ulikuwa wazi. Kwenye kitanda cha mwisho mzee mmoja alikuwa amegeukia ukuta. Kikombe cha uji kilikuwa juu ya meza, mbali na mkono wake, kimefanya utando juu.

"Manzi," mzee alisema.

Fatu hakujua Kikamba, lakini neno hilo halihitaji mkalimani. Akachota maji, akaenda kumwinua kichwa. Mzee alikunywa kama mtu aliyetoka safari. Alipomwegemeza tena, harufu ilimpiga Fatu usoni, wala haikuwa ya mkojo peke yake. Aliomba radhi kwa sauti ndogo, akainua blanketi. Kwenye nyonga ya mzee palikuwa na kidonda kikubwa kuliko kiganja, kekundu katikati, ukingo wake umekuwa mweusi. Shuka lilikuwa limeganda kwenye ngozi.

Alimkuta Nekesa uani akianika nguo.

"Huyu mzee wa kitanda cha mwisho, mmemgeuza lini?"

Nekesa aliacha shuka likining'inia nusu kwenye kamba. Hakujifanya hajui.

"Ni Mzee Kaloki," alisema. "Mama Salim, wikendi niko peke yangu na msichana wa jikoni. Wazee ni wengi, na nikimaliza kumlisha wa mwisho, wa kwanza ako na njaa tena. Nimemwambia Bedan aongeze mtu, anasema ngoja."

"Lakini mama yangu yuko sawa. Ameoga, amekula. Mbona huyu?"

Nekesa alijifuta mikono kwenye aproni. Alipojibu alikuwa na machozi.

"Mama yako ako na wewe. Nikikosea kwa Bi Hayat nitasikia siku hiyo hiyo. Sijapanga hivyo, siombi iwe hivyo, lakini mwili ukichoka unaenda kwa yule ataulizwa. Huyu hakuna mtu wa kumuulizia."

Fatu alisimama pale na jua la mchana likimwangukia kichwani. Alikuwa amekuja kila wakati kupima utunzaji wa nyumba ile, na kumbe kitu alichokuwa akikipima ni woga wao kwake. Kila alipopitisha mkono chini ya shuka la mama akalikuta kavu, dakika za kulikausha zilikuwa zimetoka kwa mtu fulani. Hakutaka kulifikiria hilo zaidi. Alifungua mkoba, akatoa simu, akampigia Bedan.

Bedan alikuja upesi, akiwa bado na vumbi la shamba kwenye buti. Alikitazama kidonda, rangi ikambadilika, lakini alipogeuka kwa Fatu alikuwa amejikaza.

"Mama Salim, nakuheshimu. Lakini huyu si mtu wako. Mambo yake ni yangu na jamaa yake."

"Jamaa yake ni nani?"

"Binti yake, Kaluki. Yuko Saudia, anafanya kazi ya nyumba. Ananipigia kila mwezi."

"Na wewe humwambia nini?"

Bedan alirudisha blanketi juu ya kidonda.

"Leo si mtu wangu," Fatu alisema. "Lakini siku nikipatwa na jambo, mama yangu atakuwa hapo alipo yeye. Mpeleke hospitali sasa hivi, tukiona gari linatoka. Ama nipigie watu wa afya wa kaunti, waje wanione nimekaa hapa."

Walimbeba kwa blanketi hadi kwenye gari la Bedan, Fatu akishika upande mmoja, Nekesa upande mwingine.

Mahir alipopata habari kesho yake, alifika Kimbo na pikipiki, helmeti bado kichwani. "Nilikwambia! Tunamtoa mama leo!"

Fatu alikuwa ameshaliwaza hilo usiku kucha. Amtoe ampeleke wapi? Arudi kwenye geti lililofungwa? Na wakimtoa Bi Hayat, ataondoka pamoja na macho yake Fatu, na pale watabaki wale wasio na macho ya mtu yeyote.

"Hatumtoi," alisema. "Lakini nawe utakuwa unakuja. Usikae kwa mama tu. Ingia kila chumba."

Mahir alibisha kwa muda mrefu, akanywa chai, akabisha tena. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alionekana kwa Bedan akiwa na mashine yake ya kunyolea. Aliwanyoa wazee wote, na akawa anarudi.

Kuhusu Bedan, isisemwe kwamba alibadilika mara moja. Kwa majuma kadhaa alimsalimu Fatu kwa ncha ya midomo. Lakini wikendi alianza kuja mwenyewe, akifundishwa na Nekesa namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, na pengine ni mgongo wake mwenyewe uliomfundisha alichokuwa akiambiwa kwa maneno. Baada ya hapo akamwajiri Austine, kijana mwenye mabega mapana, wa kusaidia upande wa wanaume. Na alimpigia Kaluki akamweleza habari za kidonda. Kaluki alilia kwenye simu, akamtukana, na akataka kila akipiga aonyeshwe baba yake kwa video, mwili mzima.

Mzee Kaloki alirudi kutoka hospitali amekonda, lakini anataka chakula. Kidonda kilifunga polepole. Asubuhi Austine alimtoa uani kwenye kiti, na Fatu akija alimpitia yeye kwanza kabla ya mama, kwa sababu aligundua kwamba mhudumu akiona hivyo hujua la kufanya. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili cha mzee kilikuwa kimemtoka na ugonjwa, lakini alizungumza, na Fatu aliitikia.

Alikufa mvua za masika zilipokuwa zikiisha, alfajiri, Austine akiwa amemshika mkono. Wakamzika kwao Gatuanyaga. Fatu alienda na Nekesa. Bedan hakwenda, alisema wazee hawawezi kuachwa bila mtu, na safari hii ilikuwa kweli.

Watu walikuwa wengi kuliko Fatu alivyotazamia. Baada ya maombi mwanamume mmoja aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake alimfuata alipokuwa amesimama na hijabu yake kando ya boma la mbuzi.

"Mimi ni Musembi, kijana wa marehemu," alisema. "Naambiwa wewe ulikuwa unamtembelea. Mimi sikuwahi kufika. Mifugo, na huku ni mbali, na dadangu alisema yuko sawa. Nataka kukuuliza. Walimtunza vizuri?"

Nekesa aliyekuwa karibu aliinamisha kichwa. Fatu alijua jibu jepesi lilipo, na kwamba mahali kama pale jibu hilo halingekuwa dhambi kubwa.

"Mwanzoni hapana," alisema. "Alipata kidonda kibaya, na hakuna aliyekishughulikia. Baadaye ndiyo. Alikufa akiwa safi, ameshiba, na mtu ameshika mkono wake. Huyu dada hapa ni mmoja wa waliomtunza, na aliniambia ukweli nilipomuuliza."

Musembi alimtazama Nekesa. Fatu aliogopa. Lakini yule mtu alimpa Nekesa mkono, akaushika muda mrefu.

"Tangu jana kila mtu ananiambia alikuwa sawa, alikuwa sawa," alisema. "Wewe ndio nimeamini." Kisha akauliza, "Alikuwa anaongea?"

"Sana. Lakini sikuelewa. Kuna neno alilirudia, akipunga mkono kama anafukuza kitu. Kisyungu. Kisyungu!"

Musembi alicheka, cheko lililochanganyika na kilio.

"Huyo alikuwa ng'ombe wetu," alisema. "Alikuwa anakula mahindi ya jirani." Akavuta gogo, akampa Fatu akae, naye akachuchumaa mbele yake kwenye vumbi. "Hebu niambie lingine. Lolote unalokumbuka."