Kifungo cha Baba Mkubwa

Dada yangu, binti wa baba mkubwa, alikuwa na kifungo cha shaba, na mimi sikuwa nacho. Mtu akisikia hivyo atacheka. Mimi sikucheka kwa miaka mingi.

Baba zetu, mtu na mdogo wake, waliondoka kijijini kwetu Goweko asubuhi moja wakati wa vita vya Mjerumani. Walichukuliwa upagazi. Walitwishwa masanduku ya risasi, wakashika ile njia ya zamani ya misafara kuelekea Tura, na hakuna aliyerudi. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Dada alikuwa ameshaanza kukimbia, kwa hiyo hata kwa kumbukumbu alinizidi: alisema anaukumbuka mkono wa baba yake ukimpungia. Mama yangu kila jioni alimtengea baba ugali wake kwenye sahani ya mti, akaufunika, na asubuhi tukala sisi.

Tulipokuwa wasichana wakubwa, dada alikuwa akipalilia karanga kando ya njia hiyo baada ya mvua, jembe lake likafukua kifungo. Alikifunga kwenye pindo la kanga na kukimbilia nyumbani. Mimi nilikiona kwa mbali tu, kiking'aa karibu na moto, kisha wazee wakakikunja ndani ya kitambaa. Kabla ya kulala, baba mkubwa alikuwa ameshakuwa askari. Ilisemwa kwamba Wajerumani walimvua sanduku wakampa bunduki na koti, akapita tena njia hii na kikosi chake, na kifungo kikamdondoka akigeuka kutazama nyumbani. Wapo wapagazi waliopewa bunduki kweli, kwa hiyo habari haikuwa ya kutupwa. Lakini mbona baba yangu, waliyetoka naye mlango mmoja, alibaki na sanduku lake kichwani?

Katika ukoo wetu mtu aliyefia mbali haachwi akining'inia. Kikipatikana kitu kilichogusa mwili wake, hicho huzikwa, watu hulia, wanawe hunyolewa, na mkewe huachiwa asiendelee kungoja. Kifungo kilitosha. Kilivikwa sanda ya ukubwa wa kiganja, kikazikwa kando ya njia, na mzee wa kanisa akaomba kwa kifupi kama mtu asiyejua vizuri anamwombea nani.

Shangazi alinifuata na wembe. Alisema baba mkubwa ni baba, kwa hiyo nikae ninyolewe. Nilimjibu kwamba wangu hajaonekana bado. Hata mama alinyoa, nikadhani ni heshima kwa shemeji yake, nikamkasirikia yeye pia. Nilikaa na nywele zangu zote katikati ya vichwa vitupu. Watani walikuja msibani kama ilivyo desturi, wakamwimbia dada kuwa ni binti wa askari. Mimi waliniuliza kama baba bado anatafuta ngata ya kuwekea mzigo wake. Watu walicheka, na utani haujibiwi kwa hasira, basi nikameza. Tangu siku hiyo dada nilimsalimia tu, mengine sikumsemesha. Jioni zilizofuata mama aliacha kumtengea baba ugali. Nilijua amekata tamaa, na hilo pia nililiweka juu ya kichwa cha dada.

Nikaanza kutafuta changu. Kila masika maji yalipoosha udongo, nilitembea njiani nimeinama, macho chini. Vita vilipita pale na majeshi yote, na majeshi yote yalidondosha vitu. Nilivyookota nilivipeleka Tabora kwa treni, tulipokwenda kuuza asali, kwa fundi cherehani mmoja wa Cheyo aliyewahi kuzishonea sare serikali mbalimbali. Alivisugua kwa majivu na ndimu, akanifundisha kuvisoma. Chenye taji ni cha Mjerumani. Chenye nyota ni cha Wabelgiji wa Kongo, wale walioiteka Tabora. Chenye simba na farasi wa pembe moja wakiishika ngao ni cha Mwingereza. Chenye matundu manne ni cha kaptura, na nikimletea kingine cha namna hiyo atanifukuza.

Nilipata nyota, nilipata simba, nilipata vya kaptura hadi nikachoka. Taji halikuja mkononi mwangu. Miaka ilivyokwenda watu wakawa wananiletea vyao niwasomee, na kila nilipokigeuza cha mtu niliomba kimoyomoyo kisiwe na taji. Niliolewa, nikazaa, nikamzika mama, na bado mvua ikinyesha nilikuwa njiani. Mwenye wivu hachoki kutembea.

Baada ya vita vile vingine vya dunia alikuja Mzungu mmoja mpima ardhi. Alikuwa na chombo kilichotumiwa na wanajeshi kutafutia mabomu: sahani bapa kwenye mpini mrefu, na vitu viwili vya kusikilizia alivyovaa masikioni. Siku zisizo za kazi aliipita nacho njia ya misafara akitafuta vitu vya zamani. Aliambiwa yupo mama anayejua vifungo, akaniita. Nilimfuata nyuma na jembe langu. Chombo kilipolia, nilichimba. Tulitoa maganda ya risasi, tulitoa pete ya mguuni iliyooza.

Kisha tukafika pale. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wameshalisawazisha lile tuta la kifungo, na mgeni asingejua ni kaburi. Mimi nilijua. Aliye juu mngoje chini, na mimi nilikuwa nimengoja. Chombo kikalia kwa nguvu, nikachimba, nikakitoa mwenyewe. Sanda ilikuwa imekwisha. Watoto waliokuwa wakitufuata walishakimbia kumwita dada, naye alikuja kutoka shambani na udongo miguuni, watu nyuma yake. Nilikisugua kwa kanga yangu, nikakigeuzia jua.

Ilikuwa nyota.

Sitadanganya, moyo wangu ulicheza ngoma. Nilimnyooshea kiganja, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Dada, hiki ni cha Wabelgiji. Baba mkubwa hakukivaa kamwe."

Hakukitazama hata. "Najua," alisema. "Fundi wa Cheyo hakukufundisha wewe peke yako. Alishamwambia shangazi kabla hatujazika."

"Basi mlizika nani?"

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto mkaidi. "Baba, na baba mdogo. Walikuwa wapagazi wote wawili, mdogo wangu, hawakuwa na kifungo chochote. Mama zetu walikuwa wamechoka kungoja. Mambo ya askari yalisemwa kwa watu wa nje, ili mzee wa kanisa aamini kifungo kina mwenyewe, akubali kuja. Ulidhani mama yako alimnyolea shemeji? Alimnyolea mumewe. Shangazi alikuja kwako na wembe ili ukishanyolewa uambiwe, maana asiyenyolewa haambiwi. Ukakataa wembe, ukakataa na kunisemesha. Kila nikifungua mdomo ulikuwa umeshageuka."

Nilikuwa nimetembea njia ile tangu usichana wangu kumtafutia baba kaburi, na kaburi lake nimelishika mkononi, nimelifukua kwa jembe langu mwenyewe. Yule Mzungu hakuelewa maneno, lakini alivua kofia. Dada alichana pindo la kanga yake akakifunga kifungo upya, na safari hii alinipa mimi nikiweke chini.

Tulipofika kwake nilimwomba wembe. Alininyoa mlangoni, polepole, akipuliza nywele shingoni mwangu, nami nikalia kwa sauti, nikasema baba, neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kisha alikaa chini nami nikamnyoa yeye, mara yake ya pili. Kichwa chake kilitoka cha duara, laini, kizuri. Changu kina mabonde. Hilo nalo liliniuma.