Siku Babu Alipokalia Sanduku la Ulaya

Enzi zetu safari haikuanzia barabarani, ilianzia nyumbani, kwa kugombana. Najua mtauliza: wewe wa darasa la nane, ambaye juzi tu matroni amekutoa nje kwa kucheka wakati wa sala, enzi zako ni zipi? Ninazo. Mtu akishakuwa na wadogo ambao wakitumwa maji wananung'unika kwanza, tayari ana enzi zake. Nanyi rika langu ni mashahidi. Sisi ndio tulioteleza mlimani tumekalia magome ya mgomba mpaka gauni likabaki na dirisha nyuma, tukaingia nyumbani kinyumenyume ili mama asione. Watoto wa siku hizi, nina maana hawa wa darasa la pili, wanaanza kulia kabla hawajaanguka.

Kwetu ni Mbozi, upande wa Ihanda, ingawa kwa asili sisi ni Wandali. Babu mzaa baba alihama Undali akiwa kijana, na ng'ombe wake na miiko yake. Ng'ombe wengine walipotea njiani. Miiko ilifika yote. Nakumbuka asubuhi za Juni, baridi imekaa masikioni kama mdudu, sisi tumezunguka moto wa jikoni tunachoma mahindi yaliyokaushwa, yanaruka, tunayagombea mavumbini. Nakumbuka harufu ya kahawa mbivu inayomenywa, tamu kidogo, chachu kidogo, na vidole vyetu vinavyonata mpaka shuleni. Na shuleni mwalimu alikuwa baba yangu mwenyewe, aliyenichapa mimi kwanza kila siku ili wazazi wengine wasiseme anapendelea. Haki ilitendeka, na mgongo wangu ndio ulioitenda.

Sasa, mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mkwe na baba mkwe. Mama hakutakiwa kuonana na babu uso kwa uso, wala kuongea naye, wala kugusa kitu chochote ambacho babu amekikalia. Babu akitokea njiani, mama alijifunika kanga kichwani akaingia kwenye mahindi. Babu naye, mtu mwenye adabu, alianza kukohoa tangu mbali kama lori linalopanda mlima, ili mkwe wake apate nafasi ya kujificha. Siku tulizochoka kupalilia tulipiga kelele "Babu huyo!" mama akazama mahindini, nasi tukapumzisha mgongo. Wanyiha jirani zetu walitucheka sana.

Wakitaka kuambizana jambo, walituma sisi, mimi na mdogo wangu Joni, hata kama walikuwa wametenganishwa na ukuta wa matete tu.

"Mke wangu," babu alikuwa akiniita hivyo, kama babu wote, "mwambie mama yako mbuzi wake yumo kwenye maharage yangu."

Kabla sijageuka, sauti ya mama ilitoka nyuma ya matete: "Mwambie babu yako, mbuzi huyo ni wa mwanawe. Amkanye mwanawe."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia, sina masikio ya kuazima. Mwambie sijasikia."

Ndipo ikaja habari ya Ulaya. Misheni ilimchagua baba aende miaka miwili kusomea ualimu wa juu, na aliruhusiwa kwenda na mke na watoto. Wanakijiji walikuja kumpongeza baba. Mama hakupongezwa, maana hakuna aliyejua kama atakwenda, na yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Rafiki yangu Sekela, nyumba ya pili kutoka kwetu, baba yake alivuka Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba. Mwaka wa kwanza alimletea mkewe blanketi. Mwaka wa pili akamletea salamu. Mwaka wa tatu zikaja habari kwamba ana mke mwingine huko, Mbemba, na mtoto anatembea. Mama yake Sekela alikuwa bado analala na lile blanketi. Basi mama alipokuwa akisema, "Mwanaume akienda peke yake, kinachorudi ni salamu," hakuwa anatania.

Meli ilituruhusu sanduku moja la mbao. Fundi wa misheni alilitengeneza zuri, na bawaba za chuma, likawekwa uani, na kuanzia siku hiyo uani kwetu pakawa mahakama.

Baba alitaka baiskeli yake iende. Aliifungua vipandevipande, akasema Ulaya kuna barabara nzuri, itakuwa dhambi kuiacha. Bibi, mke wa babu, aliamini Ulaya hakuna chakula. Alileta unga wa ulezi, maharage, karanga, majani ya maboga yaliyokaushwa, na kuku jike akiwa hai. "Huyu atawatagia njiani," alisema. Joni alitaka mbwa. Mimi nilitaka gome langu la mgomba, maana nilisikia Ulaya kuna milima yenye barafu na nilikuwa na mipango yangu. Na mama alitaka jiwe lake la kusagia, lile kubwa, pamoja na mwana wake, kile kijiwe cha juu.

"Huko kuna mashine za kusaga," alisema baba.

"Zikiharibika?"

"Zitatengenezwa."

"Na wakati zinatengenezwa utakula vitabu vyako?"

"Mama Joni, jiwe hilo peke yake litaizamisha meli."

"Baiskeli haizamishi? Au inaogelea?"

Kila jioni jiwe liliingia sandukuni, kila asubuhi tulilikuta nje, na baiskeli vilevile. Sijawahi kuona vitu vinavyosafiri sana kama vile bila kutoka uani. Mwishowe wakapatana: jiwe liingie, na ya baiskeli liende gurudumu moja tu. Msiniulize baba alitaka kufanya nini na gurudumu moja. Kuku alipoteza kesi. Mbwa alijiondoa mwenyewe, alikimbia. Bibi akafunika juu kwa mablanketi, baba akapigilia kifuniko, na viti vyetu, meza na vibao vya kukalia vikagawiwa kwa majirani. Lori la misheni lilikuwa lije asubuhi ya siku ya pili.

Alasiri ile mama alikwenda mtoni. Baba akaona ndiyo nafasi nzuri ya kumwita baba yake aje alione sanduku. Babu akaja akikohoa njia nzima ingawa hakukuwa na wa kumkimbia. Alilizunguka, akaligonga kwa fimbo, akasifu bawaba. Kilima cha kwetu ni kikali na babu alikuwa amechoka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta pa kukalia. Nyumba ilikuwa tupu, kila kilichokaliwa kimegawiwa. Basi akafanya kile ambacho mzee yeyote aliyechoka angefanya.

Alikaa juu ya sanduku.

Bibi, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyepiga yowe. "Mzee! Umekalia vyombo vya mkweo!" Babu alisimama kama aliyekalia siafu, lakini ilikuwa imekwisha. Kule chini njiani mama alikuwa anapanda na mtungi kichwani, na alikuwa ameona kila kitu. Akaweka mtungi chini, akajifunika kanga, akaugeuzia ua mgongo.

Jioni hiyo nyumbani kwetu palikuwa na maneno machache. Baba, mwalimu wa misheni, alijaribu. "Mama Joni, sisi ni Wakristo."

"Mimi ni Mkristo," mama alisema. "Lakini yule ni mkwe wangu. Nitalalia mablanketi aliyoyakalia? Nitapikia chungu alichokikalia? Basi nenda. Mimi nitabaki na watoto."

Alisema taratibu, na ndiyo maana niliogopa. Mama akipiga kelele mambo huwa bado yana njia. Joni alilala, mimi nilikaa nikimwaza Sekela na lile blanketi la mama yake, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kuchekesha. Kama mama haendi na baba, nani angemzuia baba asigeuke salamu?

Aliyeteseka kuliko wote alikuwa babu. Bibi alituambia hakugusa chakula. Alfajiri tulimsikia anakohoa nyuma ya ukuta wa matete. "Mke wangu! Njoo!" Nikaenda. Uso wake ulikuwa umeshuka kama mkeka uliolowa.

"Mwambie mama yako," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka Vwawa, "sanduku lile sasa ni langu. Nitaweka mahindi, na nikifa mnizike humo, lina bawaba nzuri. Vilivyo ndani sikuvikalia mimi, nilikalia mbao. Watoto wavitoe. Na mtengeneze sanduku jipya, usitoke kwangu hata msumari."

Nikazunguka ukuta kwenda kwa mama ingawa hapakuwa na haja. Mama alimtazama bibi, maana katika mambo ya mwiko bibi ndiye aliyekuwa jaji wetu. Bibi alifikiri akitafuna tumbaku yake, mate yakaenda upande, hukumu ikatoka: "Kifuniko ndicho kilichokaliwa. Mtu akikalia paa, hajalala kitandani."

Jamani, sijawahi kumpenda mwanamke mzee kama nilivyompenda bibi saa ile.

Lakini mbao ziko wapi, na lori linakuja? Hapo baba alitoweka, akarudi amejitwika ubao wa shule wa zamani, ule mweusi uliopasuka, aliopewa darasa lilipoletewa mpya. Akaukata kwa msumeno, akaupigilia mwenyewe, vibaya kabisa. Alijigonga kidole akasema neno ambalo hakuwahi kutufundisha. Sanduku lililozaliwa lilikuwa pembe moja juu, pembe moja chini, dogo nusu ya lile la kwanza, na ubavuni bado lilikuwa na jedwali la mara saba kwa chaki. Watoto wa siku hizi wanapelekewa masanduku ya bati yenye kufuli, wanalia rangi haipendezi.

Sasa mambo yakawa mepesi. Mimi na Joni, ambao bado hatukuwa na mkwe wa kumkimbia, tulitoa vitu katika sanduku la babu kimoja kimoja. Mama alikaa ametugeuzia mgongo, asione hata mbao zile, na sisi tukapiga mnada.

"Mama, mablanketi?"

"Tia."

"Unga wa ulezi?"

"Kibuyu kimoja. Kingine mwachie bibi."

"Gurudumu?"

"Mwulize baba yako kama ana miguu."

"Gome la mgomba?"

"La nani hilo?" Nikalitupa nyuma ya nyumba bila kujibu.

Nguo zikaingia, chungu kimoja, vitabu vya baba vile alivyoweza kuvitetea kwa sababu. Tukafika chini kabisa. Joni na mimi tulishika jiwe la kusagia huku na huku, tunahema.

"Mama, jiwe?"

Baba alishika nyundo akingoja. Safari hii alikuwa tayari kukubali, niliona usoni. Mama akasema, "Liache."

"Liache?" Baba ndiye aliyeuliza. "Wiki nzima umenikosesha usingizi kwa jiwe!"

"Nililitaka nilipokuwa sijui kama nitakwenda," mama alisema. "Sasa najua nakwenda. Nitasaga kwa mashine yako."

Baba alicheka mpaka akakaa chini, na akakaa chini kweli, mavumbini, kwa sababu kila mtu uani alikuwa amejifunza kutokaa juu ya kitu. Mimi nililia kidogo. Niliwaambia ni vumbi la chaki.

Lori lilipowasha moto babu alisimama mbali, ametugeuzia mgongo kama inavyotakiwa, anatazama migomba yake. Mama alikuwa juu ya lori, kanga mpaka puani. Babu akaita.

"Mke wangu! Mwambie mama yako, jiwe lake sitalikaribia. Nitalizunguka kwa mbali mpaka arudi."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mama, bega kwa bega. Nikamwambia. Lori lilipoanza kutikisika mama akasema, "Mwambie babu yako nimesikia. Na ale chakula."

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Mgongo wa babu ukaitikia kwa kichwa. Nasi tukaondoka wote wanne, hakuna aliyebaki kungoja salamu za mwenziwe, na tangu siku ile sijawahi kupumua vizuri namna ile, hata siku matokeo ya darasa la nne yalipotoka.

Tulirudi wote wanne vilevile. Leo mambo yamebadilika. Wazee wa kanisa wamewasemesha sana wakwe, na nikienda likizo namkuta babu amekaa ndani ya nyumba yetu, mama anammiminia chai na kumpa mkononi. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye wanaona ni kawaida. Nikiwasimulia wanasema nawadanganya. Mimi mwenyewe nimefurahi, maana nikiolewa baba mkwe wangu nitampa shikamoo usoni, akitaka akimbie yeye. Lakini likizo iliyopita niliwasikiliza. Mama alisema mvua imechelewa. Babu alisema ndiyo, imechelewa. Wakanywa chai. Enzi zetu hawakuwahi kutazamana, na walikuwa na mengi ya kuambizana mpaka miguu yangu ikachoka.