Mzigo Uliokanwa na Mwenye Mzigo

Nilistaafu uhakimu wa mahakama ya mwanzo nikiwa na afya njema, miwani ya kusomea, na kirikuu, kigari cheupe cha mizigo nilichokinunua kwa ajili ya shamba. Mwaka wa kwanza wa kustaafu niliutumia kuwarekebisha watu wa nyumbani. Nilipanga saa za kulisha kuku. Niliandika kwa herufi kubwa utaratibu wa kuchukua na kurudisha majembe, nikaubandika mlangoni pa stoo. Mke wangu, ambaye ni mtu mvumilivu, alilisoma tangazo lile hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, kile kituo cha mizigo pale stendi wanatafuta magari ya msimu. Nenda, wakusaidie."

Wakusaidie, alisema, wala hakukosea neno.

Msimu wenyewe ni Desemba. Watoto wa Kasulu na Kibondo waliotawanyika Mwanza, Kahama na Dar es Salaam hutuma nguo, masufuria na mablanketi kwa wazazi wao kabla ya Krismasi. Mabasi huishusha mizigo hiyo stendi, na magari madogo huisambaza vijijini. Kituo chetu cha Kibondo kilikuwa na madereva watatu wa kudumu, walioitana wakongwe bila haya, ingawa mkubwa wao alikuwa rika la mwanangu wa pili. Huyo ndiye aliyenipokea. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua lilipowaka, na aliponiona nikishuka garini alisimama wima kama polisi wa mahakama.

"Mheshimiwa anaingia," akatangaza. "Tusimame."

Wenzake wakasimama. Sikucheka, lakini nakiri kwamba haikuniudhi.

Mkuu wa kituo, mama wa makamo asiyepoteza maneno, alinikabidhi daftari la kupokelea na sharti moja. "Mzee wangu, dereva wa msimu akinirudishia mizigo mitatu, tunaagana kwa amani. Mzigo ukirudi, aliyeutuma hatumi tena kwetu."

"Sharti hilo ni la haki," nikamjibu. Nilikuwa nimetunga masharti mengi maishani mwangu. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mimi niliwekewa sharti.

Asubuhi ya kwanza nilivaa koti langu la kazi, nikabeba faili, daftari na kalamu mbili, nikashika barabara ya kuelekea Kasulu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bonde la Malagarasi, lami inang'aa, na mbele yangu hakuna mtu ninayepaswa kumhukumu. Nilijikuta naimba. Niliacha mara moja, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi, kisha nikalifunga dirisha nikaendelea.

Mizigo ya mjini ilipokelewa bila tabu, na mwalimu mmoja alinisifu kwa kumsomea masharti ya kupokea kabla hajatia sahihi. Vijijini mambo yalikuwa mengine. Mzigo wa kwanza wa kijijini ulirudi: mpokeaji hajulikani. Siku ya tatu ukarudi wa pili: mpokeaji amehama. Nilikuwa nimebakiza mmoja tu. Usiku ule nililitazama lile tangazo la majembe mlangoni pa stoo, nikajua kwamba naihitaji kazi hii kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Siku ya nne nilipewa furushi kubwa lililoshonewa ndani ya kiroba, la mama mmoja wa kijiji kilicho kilomita chache ndani kutoka lami. Namba ya simu iliandikwa. Niliipiga, nikajitambulisha, nikayataja majina yake matatu kama yalivyo. Simu ikakatwa, na tangu hapo haikupatikana tena. Basi nikaenda mwenyewe. Njia ilikuwa tope tupu. Niliwakuta wanawake kadhaa wakipalilia maharage kando ya nyumba, nikasimama mbele yao na faili mkononi, nikasoma majina kwa sauti ya kusikika.

Mwanamke mrefu aliyekuwa karibu nami aliegemea jembe lake. "Huyo alihamia Kakonko baada ya mavuno, baba."

Nikamuuliza wa pili. Alihamia Kakonko baada ya mavuno. Nikamuuliza wa tatu, aliyekuwa mbali kidogo. Alihamia Kakonko baada ya mavuno. Niliyaandika yote katika daftari, nikawashukuru, nikaondoka.

Nilipofika kwenye maduka ya barabara kuu nilimkuta mkongwe wa kofia ya sufu akila hindi la kuchoma kando ya gari lake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mbona sura ya hukumu?"

"Marahaba. Mpokeaji amehama. Mashahidi watatu wamethibitisha."

"Wamesemaje hao mashahidi?"

Nikafungua daftari, nikamsomea. Alitafuna taratibu. "Mheshimiwa, kule mahakamani, mashahidi watatu wakikuletea maneno yaleyale, ulikuwa unafanyaje?"

Nikalifunga daftari. Kwa miaka mingi nilikataa ushahidi wa kusikia, na mashahidi waliosema kwa mdomo mmoja niliwatenganisha na kuwauliza upya, kwa sababu nilijua wamepatana nje. Sasa nilikuwa nimesikia jambo mara tatu, nikaliita ukweli, nikaliwekea na tarehe.

"Na uliingia na hilo koti?" akaendelea.

"Ni koti la heshima."

"Na faili?"

"Na faili."

"Ukamtaja majina yote matatu?"

"Kama yalivyoandikwa."

Alicheka hadi akakaa kwenye bampa. "Mzee wangu, wewe umepeleka samansi. Hata mimi ungenijia hivyo ningekuambia nimekufa."

Nikaona mambo yalivyo. Vijiji vile vina familia nyingi ambazo wazee wao walivuka mpaka kutoka Burundi. Wengi ni raia siku nyingi, wana mashamba na maduka, lakini walijifunza mapema kwamba mtu anayelitaja jina lako kamili mbele ya watu ni nadra awe na habari njema. Mimi nilikuwa nimewatumia watu samansi kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Uhakimu niliuacha, sura yake ilibaki.

"Sikiliza," akasema mkongwe. "Mpokeaji usimtaje. Mtaje aliyetuma. Mama atajikana mwenyewe asubuhi na jioni, lakini mtoto wake hamkani."

"Umelithibitisha hilo?"

"Miaka kumi na miwili barabarani. Mzigo umenirudi mmoja tu, na mwenyewe alikuwa amefariki kweli. Kaburi nililiona."

Huo, angalau, ulikuwa ushahidi wa macho. Nikavua koti, nikaliweka pamoja na faili chini ya kiti, nikageuza gari.

Wanawake walikuwa palepale. Niliposhuka nikiwa na shati tupu hawakunitambua mara moja. Niliwasalimu, safari hii kwa Kiha, "Mwakeye," wakaitikia. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa kwenye bampa kama nilivyomwona mwenzangu akikaa, nikasema bila kumlenga yeyote kwamba nina mzigo kutoka kwa binti fulani aliyeko Mwanza. Nikalitaja jina la binti.

Majembe yakasimama.

"Huyo binti umemwona?" aliuliza yule mrefu, shahidi wangu wa kwanza.

"Sijamwona, wala sitasema nimemwona. Nilicho nacho ni mwandiko wake."

Akaja, akijifuta mikono kwenye kanga. Aliutazama mwandiko wa wino mzito juu ya kiroba, akapitisha kidole juu yake polepole. "Huu ni mkono wa mwanangu," akasema.

"Sasa, mama, wewe ni nani? Kwa ushahidi wako wa saa nne, mama wa binti huyu anaishi Kakonko."

Wenzake walishika vinywa. Yeye hakutikisika. "Amerudi, baba. Amefika sasa hivi."

"Na ndani ya mzigo kuna nini?"

"Vitenge vya kwaya. Kumi na viwili, vya bluu. Kama ni vya rangi nyingine, utamrudishia."

Nilikata uzi kwa kisu. Vilikuwa vya bluu. Hapo ndipo shamba lote liliponizunguka, kwa sababu wale wapalizi walikuwa kwaya yenyewe. Wiki mbili walikuwa wanavisubiri vitenge vile wavivae Krismasi, fundi cherehani amekwishawapima, na asubuhi ile walikuwa wamevifukuza kwa mdomo mmoja. Shahidi wa pili alikuwa tayari amejifunga chake juu ya tope. Shahidi wa tatu, ambaye kumbe ndiye mwenyekiti wa kwaya, alinieleza kwa heshima zote kwamba walidhani nimeleta samansi ya shamba la bondeni.

"Kwani mna kesi ya shamba la bondeni?"

"Bado, baba," akasema.

Nililishwa ugali wa muhogo na maharage, nikaimbiwa ubeti mmoja, nikatiliwa sahihi nzuri kuliko zote zilizomo katika daftari lile. Kisha wakaanza kuuliza. Kama gari lilileta, je, linaweza kupeleka? Mmoja ana mwana Kahama. Mwingine ana dada Kigoma. Asali ikaja katika dumu, maharage katika viroba, unga wa muhogo, kuku wawili ambao niliwakataa kwa kanuni. Niliandika kila anwani mwenyewe, nikimsomea kila mtu, na hakuna aliyejikana.

Saa kumi na moja jioni niliingia stendi ya Kibondo. Mkuu wa kituo alikuwa mlangoni. Aliitazama kirikuu yangu iliyoelemewa hadi juu, akafumba macho kidogo.

"Mzee wangu. Yote hiyo umenirudishia?"

"Iliyorudi ni sifuri," nikasema, nikampa daftari. "Hii ni mipya. Inakwenda Kahama, Kigoma na Mwanza. Kuku niliwaacha."

Alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama. Wakongwe walikuwa wameshaanza kushusha. Yule wa kofia ya sufu alinusa dumu la asali, akamwambia mwenzake kwamba Mheshimiwa siku hizi anapokea vidhibiti vya kesi. Mkuu wa kituo alilifunga daftari, akanirudishia.

"Kesho uje saa moja," akasema. "Na gari lije tupu. Mizigo ya vijiji vya Gwarama ni mingi."